Kadi Mbili za Mzee Hallam

Madam Lois alimkatia baba yake simu Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2019, na mimi ndiye niliyekuwa nimeishika simu hiyo. Mikono ya Mzee Hallam ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikaielekeza sikioni pake hadi mkono wangu unaingia ganzi. Nilisikia kila kitu. Sikutega sikio, ungekuwa wewe ungefanyaje, uzibe masikio kwa vidole vya miguu?

Mzee alimwambia binti yake kwamba amehama chama. Alikuwa mwanachama wa Leba, chama cha wafanyakazi cha Uingereza, kwa miaka hamsini na mitatu. Baba yake, mchimba makaa ya mawe, alikuwa Leba. Marehemu mkewe alikuwa Leba. Lois mwenyewe ni katibu wa tawi la Leba huko kwao Leeds, mwanamke wa kugonga milango ya watu kwenye mvua akiomba kura. Sasa baba yake, akiwa na miaka themanini na moja, ameketi kwenye fleti ya Oud Metha, hapa Dubai, na kusema tangu mwaka uliopita yuko Konsavativu, wale wa buluu, ambao nyumbani kwao walikuwa wakitajwa kama sisi tunavyomtaja mchawi. Sababu zake zilikuwa mambo ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na jinsi Leba, kwa maoni yake, walivyosema hili asubuhi na lile jioni. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetoa taarifa kwamba amebadilisha anwani.

"Babu angekutemea mate," Lois alisema, na simu ikafa.

Mzee aliniuliza kama mtandao umeanguka. Nikamwambia, "Hapana, sir. Amekata."

Sikuhisi kitu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wakinisikia nikisimulia wanatarajia nitoe leso. Mimi natoka Borabu, kule mpakani kwa Wakisii, na mambo ya vyama yaliniishia zamani. Baba yangu alikuwa na kofia za vyama vitatu juu ya kabati, na kila mgombea aliyefika uani alimkuta amevaa ile inayomhusu. Mkono mtupu haulambwi. Aliyekuja na sukari alipewa kiti, aliyekuja na fulana tulivaa fulana. Kula kwao, kura kwetu. Hata kadi za uanachama tuligawiwa kama peremende, na wengine waliandikishwa bila kujua, wakaja kugundua siku ya siku kwamba ni wanachama wa chama wasichokijua hata alama yake.

Ni kaka yangu Alfred tu aliyeamini. Alipaka geti rangi ya chama, na katika ghasia za uchaguzi, mwezi wa kwanza mwaka 2008, mshale ukamkuta hapo getini. Mwaka haukuisha kabla mheshimiwa aliyekuwa akimpigia kampeni hajaonekana kwenye televisheni akikumbatiana na wale tulioambiwa ni maadui, anakaribishwa chamani kwao, anavishwa shali. Nilikuwa kwenye hoteli ya chai, na watu walipiga makofi. Kitu fulani ndani yangu kilinyamaza siku hiyo, na nilipopata kazi ya kutunza wazee Dubai nilikuja nacho hivyo hivyo, kimenyamaza.

Basi Ijumaa zikaanza kupita. Mzee alioga, nikamvalisha shati la mikono mirefu, nikamchana nywele zilizobaki, na saa saba nikaiweka simu mezani mbele yake. Aliniuliza kama ina chaji. Ilikuwa na chaji. Saa tisa niliiondoa nikamletea chai. Mwezi wa nne ulikwenda hivyo, na wa tano, na wa sita.

"Mpigie wewe, sir," nilimwambia mara moja.

"Yeye ndiye aliyekata."

Wazungu hawa nao wana vichwa vigumu. Sikurudia.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba nilimpeleka kliniki. Daktari aliangalia picha ya moyo wake kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi badala ya yeye na kusema familia iambiwe, na isichelewe. Kwenye teksi tulikwenda hadi karibu na nyumbani. Ndipo aliposema, akiangalia dirishani, "Ningependa kumsikia Lois hata mara moja." Hakuomba. Hakuwa mtu wa kuomba. Lakini hilo ndilo alilolitaka duniani, na alikuwa na muda mchache wa kulipata.

Nilimwandikia Lois kwa WhatsApp. Nikaeleza moyo, nikaeleza daktari. Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Bado yuko na wale?"

Hilo tu. Nilishuka chini na simu mkononi nikamwonyesha Zedekiya, mlinzi wa jengo letu, Mganda mmoja mpole anayesoma kila kitu mara mbili.

"Huyu baba yake anakufa na yeye anauliza chama?" alisema.

"Ndio hivyo. Hawa watu wako serious na hii maneno."

"Nyabo, dada yangu, kwetu mambo ni rahisi. Mimi nilizaliwa nikakuta chama kimoja kwa kiti, na bado kimekaa hapo hapo. Nyinyi wenye kuchagua ndio mnapata shida." Akanirudishia simu. "Sasa mzee si arudi tu huko kwa Leba? Mtoto afurahi, khalas, yaishe."

"Hawezi. Anasema ameamua."

"Basi si lazima ahame. Ajiunge tu."

Nilipanda lifti nikiwa nimeshaamua. Nisimsingizie Zedekiya, hata asingesema, wazo lilikuwa langu, nililelewa nalo. Mtu mwenye kadi mbili kwetu ni mtu mwenye akili. Mzee alikuwa amesinzia mbele ya kriketi. Nilichukua tableti yake, ambayo neno lake la siri niliweka mimi mwenyewe, nikafungua tovuti ya Leba na kujaza jina lake, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya sanduku la posta la kampuni aliyoifanyia kazi hapa Dubai, na kadi ya benki anayonipa ya kununulia chakula. Mwishoni kulikuwa na kisanduku cha kuthibitisha kwamba mwombaji si mwanachama wa chama kingine. Nilikitiki. Nani asiyetiki visanduku? Nilidhani ni maneno ya kujaza karatasi, kama yale ya kuthibitisha umesoma masharti. Sikujua kwamba kwao kile ni kama kiapo, na kwamba mtu kama Mzee Hallam angekubali kukatwa mkono kuliko kukitiki kwa uongo.

Barua pepe ya kumkaribisha ilifika papo hapo. Nikaipiga picha nikamtumia Lois. Chini yake nikaandika: "Mzee amerudi."

Alipiga simu hata dakika kumi hazijapita, akilia. Nilitoka nayo hadi jikoni. Nikamwambia baba amelala, na kwamba ana aibu, asimwulize mengi. Uongo ukishapata mguu mmoja hutafuta wa pili. Akasema anakata tiketi.

Ningemwambia Mzee mapema. Nilikuwa nimepanga. Lakini Jumanne, mtu wa kampuni alileta barua zilizofika kwenye sanduku la posta, na mojawapo ilikuwa bahasha ya Konsavativu. Walikuwa wanachagua kiongozi mpya, na wanachama wote walitumiwa karatasi yenye majina mawili. Mzee alikuwa akiingoja kwa wiki mbili. Aliomba lenzi yake. Alisoma kila kitu, hata maandishi madogo ya nyuma, akashika kalamu kwa mikono yote miwili, na alama yake ikatoka imepinda lakini ndani ya kisanduku. Kisha akalamba gundi mwenyewe. Uso wake ulikuwa na furaha fulani, na mimi sikutaka kuiharibu. Nilitembea na ile bahasha hadi posta kwenye joto la mwezi wa saba, nikaituma kwa njia ya haraka kama alivyoagiza.

Niliporudi nilimwambia sehemu moja tu. "Madam Lois anakuja Alhamisi, sir."

Alipapasa nywele zake kisogoni. Halafu akaniuliza kama kinyozi anaweza kuja nyumbani.

Lois aliingia Alhamisi adhuhuri, mwanamke mkubwa wa miaka hamsini na kitu, shingo nyekundu kwa joto, na hata begi hakulisukuma ndani. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Mzee akamkumbatia kiunoni.

"Umerudi, Dad," alisema.

"Nimerudi wapi?"

"Kwetu. Sikuamini hadi nilipoiona." Akatoa simu akamwonyesha ile picha.

Mzee aliomba lenzi. Nilimpa mimi. Alisoma polepole kama alivyosoma ile karatasi ya kura, jina lake, tarehe, neno kwa neno. Kisha akainua macho akanitazama. Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Angeweza kusema hapo hapo, na nilikuwa tayari. Nilikwisha kufikiria hata begi langu liko wapi. Lois alikuwa bado amepiga magoti, analia na kucheka pamoja, na kamasi zinamtoka kama mtoto.

"Ndiyo," Mzee alisema. "Nimerudi."

Lois alikaa siku tatu. Sijawahi kuiona fleti ile namna hiyo. Walizungumza chaguzi za zamani, jinsi Lois alivyosukumwa kwenye kigari cha mtoto kilichojaa vipeperushi, hadi yeye mwenyewe akakosa pa kuweka miguu. Mzee alicheka hadi nikamletea maji. Lois alimweleza ugomvi wa tawi lao, nani amejiuzulu, nani hasalimiani na nani, na Mzee akauliza maswali ya maana na kutoa ushauri. Lois alimlisha supu kwa mkono wake. Mimi nilipika, nikaosha vyombo, na kujiambia kwamba kazi imefanyika. Jumapili akaondoka.

Nilipomaliza kukunja shuka alizolalia, Mzee aliniita.

"Mercyline, ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ni kadi tu, sir."

"Jumanne nilipiga kura kule. Alhamisi nikamwambia binti yangu niko huku." Alivuta pumzi, maana maneno marefu yalikuwa yanamchosha. "Miaka themanini na moja, sijawahi kuwa watu wawili."

"Lakini amekuja, sir. Ulitaka umsikie."

"Hakuja kwangu," alisema. "Alikuja kwa yule uliyemwandika kwenye fomu."

Akaniagiza mambo mawili: nimwondoe kwenye orodha ile, na nimwambie Lois ukweli, kwa sababu yeye amejaribu siku tatu na mdomo umekataa. Nikasema, "Ndiyo, sir." Nilisema kwa adabu kabisa, na sikufanya hata moja.

Ijumaa iliyofuata, saa saba na dakika tano, simu ililia. Nilikimbia nikaishika nikapiga magoti karibu naye, na Mzee akageuza uso.

"Mwambie nimelala."

Alikuwa amevaa shati lake. Nywele nilishamchana. Nilimwambia Lois amelala, naye akasema mwache apumzike, mpe salamu za wanachama wote wa tawi, wamefurahi sana. Nikampa Mzee salamu za wanachama. Aliangalia dari.

Ijumaa ya pili, amelala. Ya tatu, amelala. Nilichokuwa nimekitafuta nilikipata: simu ililia kila wiki bila kukosa, na aliyeitamani hakuweza tena kuipokea, kwa sababu akiipokea itambidi adanganye tena. Nilijua dawa yake. Ilikuwa ujumbe mmoja kwa Lois, mistari miwili. Lakini nikiutuma, simu zingekoma, au hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nimesema sihisi kitu, lakini aibu ilikuwapo, na nilizunguka nayo jikoni mchana kutwa.

"Umeshaniondoa?" aliniuliza kila Jumamosi.

"Bado, sir. Tovuti inasumbua."

Mwisho wa mwezi wa nane aliacha kuuliza.

Alifariki Jumatano ya pili ya mwezi wa tisa, asubuhi, nilipokuwa napoza uji wake. Nilirudi na bakuli nikamkuta. Nilifunga macho yake, nikazima AC, kisha nikaiwasha tena. Nilipiga simu kule kunakopigwa, polisi wakaja, karatasi zikaandikwa. Mchana nilikula ule uji kwa sababu ulikuwapo.

Lois alifika Ijumaa. Mwili ulikuwa usafirishwe Uingereza, na wanaotayarisha maiti walitaka nguo kabla ya saa kumi. Tulitandaza suti ya kijivu juu ya kitanda cha Mzee, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Nilipiga pasi shati. Alikuwa ametulia, alisema shukrani yake pekee ni kwamba walipatana kabla ya mwisho. Kisha akafungua mkoba akatoa pini ya chama, waridi dogo jekundu, akaichomeka kwenye ukosi wa koti.

"Tawi zima litakuja kumzika," alisema. "Nimewaambia amekufa akiwa mwenzetu."

Niliiweka pasi chini. "Hakuwa mwenzenu, madam."

Alinitazama kama hajasikia.

"Ni mimi niliyemwandikisha, akiwa amelala. Yeye hakurudi. Alikuwa kule kule, na kura alipiga. Aliniagiza nimwondoe, na nikwambie, na sikufanya."

Nilitegemea anipige kofi, na nisingemlaumu. Kidole chake kilibaki juu ya ile pini, na damu ikampanda kutoka shingoni hadi masikioni.

"Nilimuuliza mimi mwenyewe," alisema. "Alisema ndiyo. Mbele yako. Alisema amerudi." Akaisukuma pini hadi ikakaza. "Hilo linanitosha."

Hapo ndipo nilipokasirika. Sikuwa na haki, najua. Wa kwanza kumwandikisha yule mzee bila ridhaa yake nilikuwa mimi. Lakini mimi nilimwandika akiwa hai, anaweza kukataa. Nilizunguka kitanda nikashika ukosi wa koti. Lois akaushika naye. Tukavutana juu ya suti ya marehemu kama wanawake wawili wanaogombania shuka moja kwenye mnada wa soko la Naif, yeye akihema bila neno, mimi nikisema tu, "Mwache, madam. Mwache." Sindano ya pini ikanichoma kidole gumba. Ndipo alipoachia.

Nilichomoa ile pini nikaiweka juu ya kimeza cha kitanda. Lois alikaa chini, mikono mapajani. Nilidhani sasa atanifukuza. Badala yake aliniuliza kwa sauti ndogo, bila kunitazama.

"Zile Ijumaa. Alikuwa amelala kweli?"

"Hapana, madam."

"Alikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Alivaa shati kila wiki. Hakutaka kukudanganya tena."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Nje, dereva wa kampuni ya mazishi alipiga honi, halafu akapiga tena.

"Na siku zile tatu nilizokuwa hapa," alisema. "Alicheka. Alicheka sana. Kile kicheko kilikuwa cha kweli?"

Nilikuwa nakunja koti, na niliendelea kulikunja hadi mikono ya koti ikakosa pa kukunjwa tena.

"Cha kweli, madam," nilimjibu, na sikuwa najua.